Kidonge cha TLD Hakiui Kirusi, na Mgonjwa Aelezwe Kwa Nini

Kidonge kimoja cha TLD, dawa ya kila siku ya mtu mwenye VVU, kina tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Jumla ni miligramu 650 za dawa, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoua kirusi. Seli iliyokwisha kuambukizwa nayo haiuawi. Dawa hizo zinaziba hatua mbili tu katika mlolongo ambao VVU hupitia ndani ya seli ili kijizalishe: hatua ya kunakili vinasaba vyake, na hatua ya kuvipachika kwenye vinasaba vya seli. Kwingine kote kirusi kinapita bila kuguswa.

Karibu kila sharti analopewa mtu kwenye kliniki ya VVU linatoka hapo. Meza kila siku. Usiache hata ukijiona mzima. Usimeze pamoja na dawa ya kiungulia. Ukijichoma sindano yenye damu, fika kituoni kabla ya saa 72. Lakini mgonjwa hupewa masharti haya makavu, kama matangazo ya shule. Anahesabiwa vidonge vilivyobaki kwenye kopo, anaandikiwa tarehe ya kurudi, basi. Sharti lisilo na sababu huvunjika siku linapogongana na maisha: msiba wa ghafla kijijini, safari, mfungo, mwenza ambaye hajaambiwa. Maoni yangu ni kwamba mgonjwa anayeanza dawa aelezwe kirusi kinafanya nini ndani ya seli, hatua kwa hatua. Kisingizio kwamba somo ni gumu hakina uzito. Watu wanaojua kwa nini mbolea ya kupandia haiwekwi juu ya mbegu hawashindwi na hili.

Kirusi chenyewe ni kidogo mno, upana wake ni nanomita 100 hadi 120. Ukivipanga mstari, vinahitajika zaidi ya elfu nane ili kujaza milimita moja. Ndani yake mna nyuzi mbili za RNA, ndizo vinasaba vyake, kila moja ikiwa na herufi 9,700 hivi na jeni tisa tu, wakati vinasaba vya binadamu vina herufi takriban bilioni tatu. Hakina raibosomu za kutengenezea protini wala namna ya kujipatia nishati. Kikikaa nje ya seli hakizaliani kabisa, hata kiwe kwenye damu nyingi kiasi gani.

Kuingia ndani kunahitaji funguo mbili. Protini ya juu ya kirusi iitwayo gp120 hushika kwanza kipokezi cha CD4, kile kile ambacho seli za CD4, seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, zimepewa jina lake. Umbo la gp120 hubadilika, nayo hutafuta kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5, wakati mwingine CXCR4. Vyote viwili vikishikwa, protini nyingine, gp41, hujikunja na kuvuta utando wa kirusi hadi ugusane na utando wa seli na kuungana nao. Watu wachache, hasa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, huzaliwa na kasoro kwenye nakala zote mbili za jeni ya CCR5, na aina za kawaida za VVU haziwapati kirahisi. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa saratani ya damu mjini Berlin mwaka 2007, alipandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo, na VVU havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani yake ile ile. Ni ushahidi mkubwa wa kisayansi. Kama tiba ya watu wengi haufai, kwa sababu upandikizaji wenyewe unaweza kuua.

Kinachoingia ndani ya seli ni kapsidi, kifuko chenye umbo la pia kilichojengwa kwa nakala 1,500 hivi za protini moja. Vitabu vingi bado vinafundisha kwamba kifuko hiki huvunjika mara tu kinapoingia. Tafiti zilizotolewa mwaka 2020 na 2021, zikitumia hadubini za elektroni zenye nguvu, zimeonyesha vingine: kapsidi husafiri ikiwa nzima au karibu nzima, hupenya tundu la kiini cha seli, na kuvunjika humo humo ndani. Mwalimu wa baiolojia mwenye mchoro wa zamani ukutani ana haki ya kuurekebisha. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja pia, kwa sababu kapsidi ndiyo inayoshikwa na lenacapavir, sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio la PURPOSE 1 lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2024, wanawake na wasichana 2,134 walichomwa sindano hiyo ili wasiambukizwe, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kinga za VVU hazijazoea matokeo ya namna hiyo.

Ndani ya kapsidi ndiko kunakoanza kazi ya kimeng'enya kiitwacho riversi transkriptasi. Kinasoma RNA na kuiandika upya kama DNA, kinyume cha mwelekeo wa kawaida wa seli. Howard Temin na David Baltimore walikitangaza mwaka 1970, kila mmoja kutoka maabara yake, na miaka mitano baadaye wakawa miongoni mwa waliopewa Nobel. Kimeng'enya hiki kina udhaifu mmoja ambao kwa kirusi umekuwa nguvu: hakirudii kusoma kilichoandika. Hukosea herufi tatu hivi katika kila herufi laki moja. Zidisha kwa herufi 9,700, utapata kwamba katika kila nakala tatu mpya, moja hivi ina kosa. Sasa weka juu yake makadirio ya mwaka 1996 ya kundi la Alan Perelson na David Ho, kwamba mtu asiyetumia dawa hutengeneza virusi bilioni 10 hivi kwa siku. Hata kama ni sehemu ndogo tu ya virusi hivyo inayofanikiwa kuingia seli mpya, karibu kila kosa la herufi moja linalowezekana limeshatokea mahali fulani mwilini kabla ya mtu huyo kumeza kidonge chake cha kwanza.

Kwa hiyo usugu haungoji dawa ianze. Virusi sugu vinakuwapo tayari, vichache, vikizidiwa idadi na wenzao, na dawa inayoua soko la wengine ndiyo inayowapa nafasi. Lamivudine ikitumika peke yake hushindwa ndani ya wiki chache, kwa sababu kosa la herufi moja linalojulikana kama M184V linatosha kuipiga chini. Efavirenz, iliyokuwa kwenye kidonge cha zamani, ilikuwa na udhaifu huo huo: herufi moja, K103N, imekwisha. Dawa tatu pamoja zinafanya kazi kwa sababu kirusi kimoja kinahitaji kuwa na makosa kadhaa sahihi kwenye uzi mmoja kwa wakati mmoja, na hilo ni adimu, mradi zote tatu ziwepo kwenye damu kwa pamoja. Tenofovir na lamivudine hufanana na herufi za DNA lakini hazina mahali pa kuungia herufi inayofuata. Zikiingizwa kwenye uzi, uandishi unakoma hapo.

Hapa ndipo ushauri wa "usirukerushe dozi" unapopata maana, na kwa kweli haukuwa na uzito sawa kwa vidonge vyote. Efavirenz hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake hutoka baada ya saa 40 hadi 55. Mtu aliyeacha kidonge cha zamani alibaki na efavirenz peke yake kwa siku kadhaa, huku dawa nyingine zikiwa zimepungua, na virusi vya K103N vikapata uwanja mtupu. Nevirapine, dawa nyingine ya zamani, ilifanya vivyo hivyo. Jaribio la HIVNET 012 la Kampala lilionyesha mwaka 1999 kwamba dozi yake moja kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto hupunguza maambukizi ya mtoto karibu kwa nusu, jambo kubwa kwa wakati ule. Lakini mkia wa dozi hiyo moja ukawaachia akina mama wengi virusi sugu. Dolutegravir ni tofauti. Nusu yake hutoka ndani ya saa 14 hivi, na mabadiliko ya kuipinga mara nyingi humdhoofisha kirusi mwenyewe. Kwa hiyo TLD inasamehe zaidi. Kusamehe si kutojali, hata hivyo: ripoti ya WHO ya mwaka 2024 ilitaja usugu dhidi ya dolutegravir wa asilimia 3.9 hadi 8.6 katika tafiti za nchi mbalimbali, na hadi asilimia 19.6 miongoni mwa watu waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa bado na virusi vingi damuni.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu, nayo ni ya kupachika. Kimeng'enya cha intigrasi hukata herufi mbili kwenye kila ncha ya DNA mpya ya kirusi, kisha hukata DNA ya seli na kuziunganisha. Hakipachiki popote tu. Protini ya seli iitwayo LEDGF hukiongoza kwenye maeneo ya jeni zinazofanya kazi, ambako maandishi yana uwezekano mkubwa wa kusomwa. Ikishamaliza, vimeng'enya vya ukarabati vya seli yenyewe huja kuziba mianya, na kuanzia hapo DNA ya kirusi ni sehemu ya kromosomu ya mgonjwa. Ni kama mvamizi aliyemegewa kiwanja katikati ya shamba la ukoo na hati ikaandikwa na ofisi halali: hakuna tena mpaka wa kumtambua. Seli ikigawanyika, watoto wake wote wanarithi. Hakuna dawa iliyopo kliniki leo inayoweza kuinyofoa.

Dolutegravir inazuia upachikaji huo kwa kushika ioni mbili za magnesiamu zilizo kwenye moyo wa intigrasi. Nimelieleza hili kwa makusudi, kwa sababu mtu akishajua kwamba dawa hii inapenda metali, sharti linalosumbua wengi linaeleweka bila kukariri. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu, vile vinavyotafunwa hovyo baada ya pilau, huishika dolutegravir tumboni kabla haijafyonzwa, na sehemu kubwa inatoka na choo. Vivyo hivyo madini ya chuma na kalsiamu. Mama mjamzito anayetumia TLD hupewa pia vidonge vya kuongeza damu, mara nyingi kwenye dirisha lile lile la dawa, na asipoelezwa atavimeza vyote usiku kwa mkupuo mmoja na tumbo tupu. Utaratibu ni huu: dawa ya kiungulia ya namna hiyo, TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa mtu anakula chakula papo hapo. Bila chakula, mwachano ni ule ule wa saa mbili na saa sita. Kifua kikuu ni habari nyingine. Rifampicin huliamsha ini livunje dolutegravir haraka, kwa hiyo huongezwa kidonge cha dolutegravir cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na kuendelea nacho wiki mbili baada ya rifampicin kumalizika, maana ini halitulii siku hiyo hiyo.

Seli nyingi zilizopachikwa DNA ya kirusi huanza kuzalisha virusi na kufa ndani ya siku mbili hivi. Hizo si tatizo la kudumu. Tatizo ni chache zinazoingia kwenye usingizi. Seli ya CD4 ya kumbukumbu hutulia kwa miaka ikisubiri adui iliyemwona zamani, na ikitulia haisomi jeni za kirusi, haitengenezi protini zake, haionekani na kinga wala haiguswi na dawa. Seli za namna hiyo zenye kirusi kizima kinachoweza kuzaliana ni kama moja katika kila seli milioni moja za CD4 zilizotulia. Ni chache, lakini hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44. Ukianza na seli milioni moja, unahitaji kugawa kwa mbili mara 20 hivi ili zibaki kama moja. Mara 20 kwa miezi 44 ni miezi 880, yaani miaka 73. Hesabu hiyo ndiyo jibu la mgonjwa anayeuliza, kwa haki kabisa, atameza vidonge hadi lini.

Ndiyo pia jibu la kipimo kinachosema virusi havionekani. Kipimo cha wingi wa virusi husoma RNA iliyoko kwenye maji ya damu, si DNA iliyojificha ndani ya kromosomu. Matokeo chini ya nakala 50 kwa mililita yanamaanisha hakuna kirusi kipya cha kutosha kinachotoka, na mtu huyo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa na lisemwe bila kigugumizi. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba seli zilizolala zimeondoka. Marekani, mtoto aliyezaliwa Mississippi mwaka 2010 alianzishiwa dawa saa 30 hivi baada ya kuzaliwa, akazikosa alipofika umri wa miezi 18 hivi, na kwa miezi 27 vipimo havikuona kirusi. Magazeti yakaandika amepona. Julai 2014 kirusi kikarudi.

Seli iliyolala ikiamshwa, mambo huenda mbio. Protini za seli huanza kusoma DNA ya kirusi, kidogo kidogo, mpaka protini ya kirusi iitwayo Tat inapotokea na kuongeza kasi ya usomaji maradufu kadhaa. Nyingine, Rev, hutoa nyuzi ndefu za RNA nje ya kiini kabla hazijakatwakatwa. Hatua hizi mbili hazina dawa hata moja sokoni, na ndiyo sababu kidonge hakiwezi kuizuia seli iliyokwisha pachikwa isizalishe virusi. Kinachoweza ni kuvizuia virusi hivyo visiteke seli nyingine. Protini ndefu ya Gag hukusanyika chini ya utando, nakala zaidi ya elfu mbili kwa kila kirusi, na kusukuma utando nje mpaka kirusi kichomoze na kukatika. Kikitoka bado hakijakomaa. Kimeng'enya cha protiasi lazima kiikate Gag vipande ndipo kapsidi ijengeke. Dawa za mstari wa pili, zinazotolewa za kwanza zikishindwa, kama atazanavir na darunavir, husimama hapo: virusi vinatoka kwa wingi ule ule lakini ni bwege, haviambukizi.

Sasa mchukue mtu anayeacha dawa. Kwa wengi kirusi huonekana tena kwenye damu wiki mbili au tatu baadaye. Seli za CD4, kwa upande wao, hushuka polepole, na mtu aliyekuwa amezipandisha vizuri anaweza kukaa miezi mingi bila hata mafua. Muda huo ndio mtego. Mwaka 2011 maelfu walipanda hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Aliyekuwa kwenye ARV akaziacha baada ya kikombe angejisikia vizuri kabisa kwa muda mrefu, angeongeza uzito hata, na ushuhuda wake ungekuwa wa kweli kwa jinsi alivyojisikia. Kumwambia mtu huyo ni mjinga hakusaidii. Kumwonyesha pengo kati ya wiki tatu za kirusi kurudi na miezi ya kinga kushuka kunasaidia. Ni pengo hilo hilo linalotisha pale dawa zinapokatika kwa sababu za juu ya uwezo wa mgonjwa, kama ilivyokuwa hofu Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje: madhara hayaonekani kwenye foleni ya wiki ile, na mwanasiasa anaweza kusema mbona hakuna kilichotokea.

Saa 72 za kuanza dawa ya kinga baada ya tukio la hatari, kama kujichoma sindano yenye damu, nazo zinatoka kwenye ratiba hii. Kirusi huhitaji saa kadhaa kunakili RNA yake na takriban siku moja kufikia upachikaji katika seli za mwanzo, kisha siku nyingine mbili hivi uzao wake kufika kwenye tezi, ambako seli za CD4 zimejazana. Dawa zikiwahi, seli za mwanzo hufa bila warithi. Kila saa ina thamani. Anayeambiwa "una siku tatu" akasubiri hadi ya tatu amepewa ushauri mbaya. Na dawa humezwa siku 28, haikatizwi ya kumi kwa kuwa hakuna dalili.

Najua pingamizi la wauguzi: foleni ni ndefu, mtu mmoja anapata dakika tano. Ni kweli. Lakini dakika hizo kwa sasa zinatumika kuhesabu vidonge, na kuhesabu hakumzuii mtu kumwaga vidonge chooni asubuhi ya kliniki. Mama akielezwa kwamba kipimo cha mtoto wa wiki sita hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kwa sababu kingamwili zinazoonekana kwenye kipimo cha kawaida zinaweza kuwa za kwake hadi mtoto afike miezi 18, hatamkimbiza mtoto kwenye duka la dawa kupimwa haraka na kurudi akilia bure.

Na kazi inazidi kuwa kubwa kwa sababu sindano zinakuja. Lenacapavir na cabotegravir, sindano nyingine ya kinga, hukaa mwilini kwa muda mrefu mno. Mabaki yake yanaweza kuonekana hadi miezi 12 na zaidi baada ya sindano ya mwisho. Anayekosa miadi haondoki salama siku hiyo: anaingia kwenye miezi ya dawa moja, yenye kiwango kidogo, kinachoshuka polepole, hali ile ile iliyowakuta akina mama wa nevirapine. Akiambukizwa wakati huo, kirusi chake kinaweza kujifunza kuipita dawa ambayo angeihitaji baadaye. Kwa hiyo anayeacha sindano ilhali bado yuko kwenye hatari aanze vidonge vya kinga siku ambayo sindano iliyofuata ilipaswa kuchomwa, na aliyempa miadi amwambie hivyo siku ya sindano ya kwanza, si siku ya kumtafuta kwa simu.